Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu kuhusu sprinti, mwani na karani wa mizani

Tanga, mwezi wa nane

Kwako Mkurugenzi,
pamoja na mameneja wa miradi wote,
Ofisini, Tanga.

YAH: MTINDO WA SKRAMU KWENYE MRADI WA MWANI NA MADHARA YAKE

Shikamoo Mkurugenzi. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa wale wanane mnaotuita timu ya mwani, tunaotengeneza mfumo wa simu wa kupimia mwani wa wakulima. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza zote. Nimetuma imeili tatu toka mwezi wa tatu, ya kwanza nikajibiwa tutalijadili kwenye retro, kile kikao chetu cha kujisahihisha, basi kwenye retro nikabandika karatasi ya njano ubaoni nimeandika BILA MTANDAO kwa herufi kubwa, ubao ukapigwa picha, picha ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp, ikaishia hapo. Retro iliyofuata nikabandika tena. Nimebandika mara nne. Imeili ya pili na ya tatu hazikujibiwa kabisa. Jina la kampuni sitalitaja, la mteja pia sitalitaja, maana sitafuti kumchafua mtu, natafuta kusikilizwa.

Kwa wengine watakaosoma na hawaijui kazi yetu, naeleza kwa ufupi. Skramu ni namna ya kugawa kazi ya kutengeneza programu kwenye vipande vya muda, sisi tunatumia wiki mbili mbili, na kila kipande kinaitwa sprinti. Mnaanza kwa kuchagua kazi kwenye orodha ndefu inaitwa bakilogi, kila asubuhi mnasimama mnaambiana mmefika wapi, hiyo ni stendapu, mwisho wa sprinti mnamuonyesha mteja kilichokamilika, hiyo ni demo, alafu mnakaa retro kujisahihisha. Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliitangaza mwaka 1995, na baadae mwaka 2001 watu 17, wao wawili wakiwemo, walikutana Snowbird, Utah, kule Marekani wakaandika ilani fupi, ndo hapo jina la ajaili, yaani kazi nyepesi kubadilika, likashika. Na walikuwa na sababu. Zamani mtu alikuwa anaandika mpango wa mwaka mzima, anajifungia, mwisho anamletea mteja kitu ambacho mteja hakitaki tena. Mimi mwenyewe nimeshafanya kazi hivyo na sitaki turudi huko, hilo naliweka wazi mapema ili asije mtu akasema napinga maendeleo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kazi isiyokatika vipande vya wiki mbili inasukumwa mbele mpaka inaleta maafa.

Hili ndo kubwa kuliko yote naomba mnivumilie nilieleze taratibu.

Mfumo wetu unapokea uzito wa mwani kijijini. Karani anatundika gunia kwenye mizani, anaandika kilo kwenye simu, simu inatuma kwenye seva, ile kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu, mkulima analipwa kutokana na hesabu hiyo. Sprinti ya pili tulitengeneza fomu ya kupimia na tukaamua namba ya kila pimo itolewe na seva. Hapa ofisini Chumbageni mtandao upo siku nzima kwahiyo ilifanya kazi vizuri, tikiti, yaani kadi ya kazi hiyo, ikahamishwa kwenda kwenye safu ya Imekamilika, tukaendelea.

Sprinti ya tatu nikaandika tikiti nyingine: mfumo ufanye kazi bila mtandao. Nilieleza kwamba pwani ya Mkinga mtandao unakuja na kuondoka, na kwamba namba ya pimo inabidi izaliwe kwenye simu palepale gunia linapopimwa, ili hata pimo lile likitumwa mara tano seva ijue ni lilelile. Kwa namna tuliyofanya, simu inatuma, seva inapokea na kuandika, jibu linapotea njiani, simu inadhani haikufika inatuma tena, seva inaona ni gunia jipya. Gunia moja linakuwa mawili. Mtu yeyote aliyewahi kutuma pesa kwa simu mtandao ukakatika katikati anaijua hofu hiyo.

Ile kazi niliikadiria wiki tatu, labda nne, ya watu wawili, na ndani ya muda huo hakuna kitu cha kuonyesha kwenye demo, kwa macho skrini ni ileile. Nikaambiwa niikate. Nikajaribu kuikata, haikatiki, maana ukibadilisha namba kwenye fomu bila kubadilisha kwenye risiti na kwenye malipo na kwenye ripoti unakuwa na mifumo miwili inayogombana. Nikaambiwa basi ikae kwenye bakilogi. Sprinti ya nne ikashuka chini ya ripoti za Excel, ya tano ikashuka chini ya nembo mpya, na kila sprinti tuliyoongeza kitu kilichotegemea namba za seva ile kazi ilizidi kuwa kubwa, mpaka kufika sprinti ya tisa wiki tatu zilikuwa zimeshakuwa saba. Hilo ni deni, na riba yake ilikuwa inapanda kila wiki mbili mbele ya macho yetu. Mtaalamu wa programu Ward Cunningham alilipa jina hilo la deni toka 1992.

Waunda mashua wetu hapa pwani hawashushi chombo majini kabla hakijatiwa kalafati. Pamba inagongwa kwenye kila mshono, sifa, yale mafuta ya samaki, inapakwa, deheni ya mafuta na chokaa chini, na siku hizo zote mpita njia haoni kilichobadilika, chombo ni kilekile cha juzi. Hakuna mwenye chombo anayemwambia fundi kalafati tutaweka safari ya tano.

Mwezi wa sita nikachukua siku moja ya likizo yangu, nikapanda basi la Horohoro nikashuka njiani, bodaboda mpaka ufukweni. Mizani imening'inizwa kwenye boriti la banda la makuti. Karani ni binti mdogo tu, simu kaivalisha nailoni kwa ajili ya chumvi. Anatundika gunia, anasoma, anaandika, anabonyeza tuma, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, kinaandika imeshindikana jaribu tena. Anabonyeza tena. Anainua simu juu ya kichwa kama anayetafuta upepo. Anabonyeza tena. Nyuma yake foleni ya wakinamama wamekaa juu ya magunia yao, mikono imepauka kwa chumvi mpaka kwenye viwiko. Bi mkubwa mmoja akaniuliza wewe ndo wa ofisini, nikasema ndio mama, akanionyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake akasema, "Mwanangu, hii simu yenu imenipa kilo ambazo bahari haikunipa, na mimi sizitaki, nataka zangu tu."

Yaani yeye ndo alisema ukweli kabla ya mfumo wetu.

Mnunuzi alipolinganisha kilo za mfumo na magunia yaliyofika ghalani aliona mfumo umezidi sana. Akasimamisha malipo ya kijiji kizima, wiki tatu watu hawajalipwa mpaka madaftari yapitiwe moja moja. Karani akasimamishwa kazi kwa kushukiwa kwamba anapika kilo kwa kushirikiana na wakulima. Ijumaa ileile aliposimamishwa sisi tulikuwa kwenye chumba cha mikutano tunaonyesha rangi mpya za grafu, tumemaliza pointi 34 za makadirio ya ugumu wa kazi, tukapigiwa makofi. Na mimi nilipiga makofi, habari zilinifikia jioni.

2. Mteja wa kweli hayupo mezani.

Moja ya kanuni 12 zilizoambatana na ile ilani inasema watu wa biashara na watengenezaji wafanye kazi pamoja kila siku. Kila siku. Kent Beck na wenzake walipojenga mfumo wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler miaka ya tisini, moja ya taratibu zao ilikuwa mteja kukaa chumba kimoja na watengenezaji. Mtindo mzima umesimama juu ya hilo, ukiliondoa zinabaki sherehe tu.

Sisi demo yetu ni Ijumaa saa nne asubuhi, kila siku 14. Mkulima wa mwani anafuata bamvua. Maji yakitoka sana ndo anaingia kufunga kamba, kupanda na kuvuna, na hapa kwetu bamvua maji yanakuwa chini kabisa muda huohuo wa saa nne saa tano asubuhi. Bamvua inarudi kila siku 14 na robo tatu hivi. Sasa angalieni kalenda yenu, demo sita za mwanzo zote ziliangukia siku za bamvua! Viongozi wa kikundi tuliwaalika, hawakuja hata mmoja, walikuwa majini. Kwenye ripoti mkaandika mteja hakujitokeza. Baada ya hapo prodakti ona, yule anayemwakilisha mteja kwenye timu, ambaye ni kijana mzuri na sina neno nae, akawa anajibu kwa niaba yao, na yeye mwani ameuona kwenye picha. Karani hajawahi kuulizwa swali hata moja na mtu wa ofisi yetu mpaka siku ile nilipokwenda mimi.

3. Pointi zimegeuka mshahara.

Pointi zilikuwa makadirio, timu inakisia ugumu wa kazi ili ijue itabeba ngapi. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17, ameshaandika kwamba huenda yeye ndiye aliyezianzisha na kama ni yeye basi anaomba radhi. Mwongozo rasmi wa skramu hauzitaji kabisa. Kwetu toka mwezi wa nne pointi za kila mtu zinaonekana kwenye tivii ya ukumbini na tathmini ya nusu mwaka imezitumia.

Matokeo yake nayaona kila kikao cha kupanga. Kazi iliyokuwa pointi 3 mwezi wa pili leo ni 8, hakuna aliyedanganya, watu wanajilinda tu. Mtu akiomba msaada mwenzie anasita maana ile saa moja atakayotoa haina pointi. Kupitia kazi ya mwenzio kabla haijaingia kwenye mfumo, pointi sifuri, kwahiyo inafanywa kwa dakika mbili. Kusafisha sehemu iliyooza, sifuri. Nani ataigusa tikiti ya wiki saba isiyoonyesha kitu? Binti mmoja mpya katoka chuo mwaka huu, ana akili sana yule, alilia chooni kwa sababu jina lake lilikaa la mwisho kwenye tivii wiki nne mfululizo na yeye ndo alikuwa anafundishwa kazi na pia ndo alikuwa anapokea simu za makarani.

Alafu neno ahadi. Kila Ijumaa tunaulizwa mbona mliahidi. Mwongozo wenyewe uliacha kuziita kazi za sprinti ahadi toka 2011, ukaziita makadirio, kwa sababu hiihii.

4. Vikao.

Nilihesabu sprinti moja nzima. Stendapu inatakiwa dakika 15, yetu ni 40 kwa sababu kila mtu anatoa ripoti kwa meneja badala ya kuongea na wenzie. Siku kumi ni masaa 6 na dakika 40. Kupanga masaa 4, kuchambua bakilogi masaa 2 kila wiki, demo 2, retro saa moja na nusu. Jumla masaa 18 na dakika 10 kati ya masaa 80, kila mtu, watu wanane. Na retro ambayo karatasi yake haifanyiwi kazi ni afadhali ifutwe.

5. Hakuna kilichoandikwa.

Ilani inasema programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi, na palepale chini inasema hata vile vya upande wa pili vina thamani. Sisi tukachukua nusu ya kwanza. Yule kaka aliyejenga sehemu ya malipo kahamia Dar mwezi wa tano, leo hakuna anayejua kwanini malipo ya Jumamosi yanazungushwa kivyake, tunaogopa kuigusa.

Sasa najua mtanijibu nini maana nimeshajibiwa.

Mtasema tatizo si skramu, tatizo tunaifanya vibaya. Kwa mengine nakubali kabisa, tivii ya ukumbini si skramu, dakika 40 si skramu. Lakini si yote. Mtindo wenyewe unadhani kwamba mteja yuko karibu, kwamba kazi inakatika, kwamba usanifu utajitokeza wenyewe njiani, na kwamba timu ina wazoefu wa kutosha kuona shimo kabla ya kutumbukia. Timu ya wanane ambayo watano wana chini ya miaka miwili kazini, mteja yuko baharini, na kazi ngumu kuliko zote iko chini kabisa ya nyumba kwenye msingi, hizo dhana zote zimekosekana. Na skramu ndani yake haisemi chochote kuhusu namna ya kuandika programu iliyo imara, inapanga muda na vikao tu, hayo ya ufundi mnatakiwa mlete wenyewe. Martin Fowler, naye alikuwepo Snowbird, alionya toka 2009 kuhusu timu zinazochukua skramu bila taratibu za kiufundi alafu baada ya muda kila kitu kinakwenda pole pole kwa sababu ndani kumevurugika. Hapo tumefika.

Mtasema mteja ndiye aliyetaka tarehe na bei maalum. Ni kweli, na sisi ndo tuliosaini. Mkataba una orodha ya vitu 62, tarehe moja na bei moja, alafu ndani tunajiita ajaili. Kitu kimoja lazima kilegee kati ya orodha, muda na pesa, na vyote vitatu vilipokazwa kilicholegea ni ubora, ambao mteja hauoni kwenye demo.

Mtasema pia devilopa, yaani mtengeneza programu, haoni picha kubwa ya biashara. Inawezekana. Lakini picha ya mizani mimi nimeiona na nyinyi bado.

Kwahiyo ninachoomba:

Kwanza, sprinti zisimame kwa wiki saba kwenye mradi huu. Watu wanne wakae na hii kazi ya bila mtandao mpaka iishe, bila demo ya rangi, na ijaribiwe kijijini simu ikiwa imezimwa data kabla haijaitwa imekamilika. Wanne wengine wahudumie yaliyopo.

Pili, maonyesho yafanyike kijijini, siku za maji mafu, yaani maji yasipotoka sana, wakinamama wakiwa nchi kavu wanafunga kamba zao. Kalenda ya maji ipo, mvuvi yeyote wa Deep Sea, pale soko la samaki Tanga, anaijua kwa kichwa. Nauli ya watu watatu ni ndogo kuliko chakula tunachoagiza siku ya kupanga.

Tatu, tivii ya ukumbini iondolewe pointi leo, na tathmini ya nusu mwaka irudiwe bila pointi, hasa ya yule binti mpya.

Nne, stendapu iwe dakika 15 na mameneja wasikilize tu au wasije. Na kila sehemu ya mfumo iandikiwe kurasa mbili zinazoeleza inafanyaje kazi na kwanini, malipo ianze.

Tano, mkataba ujao msiuze orodha ndefu kwa tarehe moja alafu mkatuletea sprinti. Kama ni tarehe maalum basi tupeni muda wa kusanifu kwanza, wiki nne tano mwanzoni, hata kama wengine watasema ni mambo ya kizamani.

Sita, na hili haliwezi kusubiri hayo mengine. Yule karani bado yuko nyumbani. Kumbukumbu za seva zinaonyesha wazi pimo moja, kilo zilezile, simu ileile, limeingia mara tatu ndani ya sekunde 90, nimezichapisha na ziko kwenye droo yangu, kurasa 11. Naomba kampuni imwandikie mnunuzi barua yenye muhuri na saini yako Mkurugenzi, iseme kosa ni la mfumo wetu na si la karani wala la wakulima, na nakala apewe yeye mwenyewe mkononi, na viongozi wa kikundi wapewe yao. Bamvua ijayo magunia yataanza kupimwa tena na mizani sasa hivi anaishika mtu mwingine. Nipo tayari kuipeleka mwenyewe kwa basi la asubuhi.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika kazi,
Mmoja wa wanane, timu ya mwani
Tanga